Aliyesimama na Sinia

Nianze kwa kukiri kwamba Mama Ange alikuwa ananikera. Jina lake hasa ni Anésie, lakini sisi wenzake wa kituo cha wazee tunamwita kwa jina la binti yake wa pekee, na kilichokuwa kinanikera ni kwamba hakai. Saa nane za zamu, mtu hakai! Wakati wa chai sisi wengine tunajitupa kwenye viti vya chumba cha wafanyakazi kama magunia, yeye anakunywa chai yake amesimama kando ya sinki, mkono mmoja kikombe, mwingine kiunoni. Ukimwambia, "Kaa basi, mama, magoti hayo utayapeleka wapi," anakujibu, "Niko sawa, dada." Nilikuwa najiona mvivu mbele yake, na hakuna anayependa kufanywa ajione mvivu.

Sababu alinieleza siku moja tukisubiri treni pale St Marys, na benchi lilikuwa tupu, na yeye kasimama. Alitoka Uvira na mtoto mgongoni. Akakaa kambini Burundi miaka kumi na mmoja, kisha wakaletwa Sydney. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga maboksi katika ghala moja la Wetherill Park. Siku ya tatu akaketi juu ya boksi ili afunge kamba ya kiatu. Msimamizi akampiga picha kwa simu. Wiki iliyofuata hakuitwa kazini, na ilimchukua miezi mitano kupata kazi nyingine.

"Tangu ile siku, miye na kiti tulishaachana," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Mimi ni Wilkister, mtu wa Ahero. Zaidi ya kuosha na kuvisha wazee, kazi yangu ni kujaza fomu za chakula: nani kala nini, robo, nusu au chote, saa ngapi. Nazipenda fomu, sitaficha. Fomu haina maneno mengi, na nilikuwa naamini kwamba kila linalohitaji kujulikana kuhusu mzee limo ndani yake.

Sasa, katika wazee wetu alikuwepo Bi Thuwaiba, miaka themanini na sita, mwembamba, mikono haina mapumziko. Alizaliwa Unguja, akahamia Maskati akiwa bado bibi harusi, na uzeeni mwanawe Nassor akamleta huku. Nassor mwenyewe sasa yuko Perth na anaonekana kwa simu tu. Faili lilisema kwamba lugha yake ni Kiarabu. Lakini kumbukumbu zilipoanza kumtoka, Kiarabu kilitoka nazo, kikabaki Kiswahili cha utotoni, kitamu kiasi kwamba hata akikugombeza unataka aendelee. Ndiyo maana tulipangiwa yeye, mimi na Mama Ange.

Meneja wetu, Leanne, ni mtu mwema, na wema wake ndio uliotuponza. Alitaka Bi Thuwaiba na wazee wengine wawili, mmoja wa Lebanoni na mmoja wa Misri, wawe na chumba kidogo cha kulia chenye hali ya kwao. Akaleta zulia jekundu, taa ya shaba, na picha kubwa kama mlango, akamwambia fundi aikaze ukutani kwa skrubu. Ilikuwa nakala ya mchoro wa Mzungu mmoja wa karne ya kumi na tisa. Wanawake wanne weupe kama maziwa wamejilaza kwenye mito, mmoja anavuta buruma, kile kiko cha maji, mwingine ameshika tunda ambalo hana nia ya kulila. Nyuma yao, karibu na pazia, mwanamke mweusi amesimama na sinia mikononi, macho chini. Kikaratasi cha chini kilisema kwa Kiingereza kwamba hayo ndiyo maisha ya kila siku ya Mashariki.

Leanne alitukusanya akapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Picha ilikuwa nzuri, rangi zake zilikuwa na joto, na wazee wetu wamezoea kuta zenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Mama Ange peke yake ndiye aliyeitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ule wa sinia amechoka," akaenda kuosha vikombe.

Wiki tatu baadaye Bi Thuwaiba alikuwa amepungua kilo sita.

Tulijaribu uji, supu, mtindi, ndizi iliyopondwa. Kila tukimpelekea kijiko alikisukuma kwa adabu na kusema, "Nangoja." Tukadhani anamngoja Nassor. Tukampigia Nassor, akaonekana kwenye simu, akalia, mama yake akamwambia, "Usilie, baba," na kijiko akakisukuma vilevile. Chumbani kwake alikuwa akinywa maziwa kidogo asubuhi, hayo tu. Fomu yangu ikajaa sufuri, kwa kalamu nyekundu, ukurasa mzima.

Jumatano daktari alikuja. Ni mama wa makamo mwenye haraka, asiyeweka hata mkoba wake chini. Akasema kama mpaka Ijumaa saa nne asubuhi Bi Thuwaiba hajala mlo hata mmoja, atapelekwa hospitali akaingizwe mpira puani. Nassor alikuwa ameshakubali. Sote tulijua maana yake. Mzee wa mwisho kutoka kituoni kwenda kuwekewa mpira alifungwa mikono asiung'oe, na tulichorudishiwa ni masanduku yake ya nguo.

Mchana ule ule, Mama Ange akiwa amesimama na sahani, alimuuliza swali ambalo katika wiki tatu hakuna aliyeliuliza. Fomu yangu haina nafasi ya swali kama hilo.

"Mama, unangoja nani?"

Bi Thuwaiba alimtazama kama mtu anayeulizwa jua liko wapi. Akanyoosha kidole ukutani.

"Yule pale. Mtoto wa watu kasimama tangu asubuhi, hana aliyemwambia kaa. Mimi nile, yeye anitazame? Mna nini nyie?"

Bi Thuwaiba akaendelea, sauti imepanda. Kwao, alisema, mama yake alikuwa hafunui kawa ya chakula mpaka wa mlangoni kaingia, na wa uani kaingia, na muuza makaa kama yupo naye kanawa mikono. Kwao alikuwepo Tausi, ndiye aliyekuwa akipika, na Tausi akila nao sinia moja.

Sijui kama ni kweli. Watu waliokuwa wameketi huwa hawakumbuki vizuri nani alikuwa amesimama. Lakini kweli au si kweli, ndivyo alivyoamini, na kwa imani hiyo alikuwa anakufa mbele yetu.

"Dada Wilki," Mama Ange aliniambia koridoni kwa Kiswahili chake cha Uvira, ameshika mkono wangu kwa nguvu. "Ule wa ku picha njo anamuzuiya kula. Tutamufunika."

"Hatugusi kitu bila Leanne," nilisema.

Leanne aliposikia aliguswa, nasema ukweli, lakini chumba kile kilikuwa kimekwisha pigwa picha kwa ajili ya wakubwa wake, na wakubwa walikuwa wamekipenda. Alisema tusubiri wiki ijayo, aandike barua pepe. Wiki ijayo! Nilimkumbusha Ijumaa. Akasema daktari anajua kazi yake.

Alhamisi asubuhi, kabla sijafika, Mama Ange alichukua shuka jeupe kutoka kabati la nguo safi, akapanda kwenye ngazi ndogo, akaifunika picha nzima, akalichomeka pembeni vizuri kama anavyotandika vitanda. Kisha akamleta Bi Thuwaiba kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuwa na furaha. Nilipoingia nilimwona kwa mbali akimsukuma huku anaimba wimbo wa kanisani.

Ukelele nilioufuata nikikimbia sikuwa nimesikia mwingine kama huo tangu msiba wa baba yangu.

"Kafa! Mmemwacha kasimama mpaka kafa! Inna lillahi! Mmeshamvisha sanda!"

Kitambaa cheupe, kimechomekwa kila upande. Mkristo wa Uvira angejuaje? Kwao maiti huvishwa suti. Mimi ningejua, nimeishi Mombasa miaka minne, lakini sikuwepo alipoifunika. Mama Ange alilichomoa shuka kwa pupa, ngazi ikaanguka, taa ya shaba nayo ikaanguka, na Bi Thuwaiba akajifunika uso kwa kanga yake. Tangu hapo hata maziwa hakuyagusa. Ilikuwa nyumba ya msiba, na katika nyumba ya msiba nani anaagiza chai?

Leanne alimwita Mama Ange ofisini. Akatoka na barua: akiigusa picha ile tena bila ruhusa, kazi basi. Aliikunja mara nne akaitia kwenye sidiria, akarudi kuosha sakafu pale taa ilipoangukia. Nilimkasirikia sana, na nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amejaribu na mimi sikujaribu.

Saa tisa na nusu binti yake, Ange, alikuja kumchukua kwa gari. Anasoma chuo pale Parramatta, Kiswahili anakielewa chote lakini jibu lake daima ni Kiingereza. Mama yake alimwingiza mlango wa nyuma, akamsimamisha mbele ya picha, akamuuliza kwa ukali kama vile Ange ndiye aliyeichora: "Ule ni nani?"

Ange aliinama kusoma kikaratasi, akacheka kwa pua. "Everyday life? Mum, those guys weren't even allowed in there."

Alitueleza kwa subira, kwa sababu muhula uliopita walisoma habari hizo. Wachoraji wengi wa Ulaya wa zamani zile walipenda kuchora vyumba vya wanawake wa Mashariki, na mwanamume mgeni hakuruhusiwa kuvuka hata kizingiti. Basi walikuwa wananunua mazulia, buruma na masinia, wanarudi nayo kwao, wanakodi wanawake wa huko huko mjini kwao, wanawapanga chumbani, wanachora. Wengine hata safari yenyewe hawakuifunga. Akasema wapo waliochora kwa makini walichokiona barabarani na sokoni, lakini hii, kwa macho yake, ilikuwa ya kutunga.

"Na ule mweusi?"

"A model, Mum. Somebody they hired to stand there."

"Asimame masaa ngapi?"

"Hours. Days, maybe. I don't know."

Mama Ange alisogea karibu na picha. Alimtazama yule mwanamke vile anavyomtazama mtu mpya kazini, anapotaka kujua kama ataweza zamu.

"Kwa hiyo naye alikuwa kazini," alisema. "Hakukuwa hata karamu. Alikuwa kazini tu."

Njiani kuelekea gari alisimama ghafla, akanirudia. Nilikuwa naogopa atakachosema, na akakisema.

"Kesho asubuhi tunamukalisha."

"Mama Ange, una barua kwenye sidiria."

"Minajua iko wapi."

Ijumaa Leanne huwa na mkutano kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne. Saa mbili na dakika thelathini na tano, Venant, fundi wetu, Mrundi mpole anayeogopa hata kivuli cha meneja, alikuwa juu ya ngazi na bisibisi, akisema kila dakika kwamba yeye hayumo. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijiambia nalinda tu, siigusi. Nilipoona picha inaegemea bega moja la Venant na Mama Ange peke yake upande wa pili, nikaweka fomu chini nikaishika picha nami. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Hatukuitoa. Mama Ange hakutaka itoke. Angeulizwa yule mtoto wa watu amefukuziwa wapi, na msiba ungeanza upya. Tuliishusha mpaka sakafuni, tukaiegemeza ukutani, tukasukuma meza ndefu ya kulia mpaka ikaigusa. Meza ikawaziba wale wanne waliojilaza, ikamziba yule mwanamke tangu kiunoni kwenda chini. Kilichobaki juu ya meza ni kifua chake, sinia lake na uso wake, usawa wa mtu aliyeketi. Sinia lilionekana kama amelitua mezani sasa hivi. Mama Ange akamwekea sahani, kijiko na kikombe.

Venant alishuka, akatazama, akavua kofia.

Saa tatu na nusu, wale wazee wengine wawili wakiwa wamekwisha kula vyumbani kwao, tulimleta Bi Thuwaiba. Breki ya kiti iliniteleza mara mbili. Alimtazama yule mwanamke muda mrefu. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

"Kumbe mzima," alisema. "Umeketi, mwanangu? Alhamdulillahi."

Mama Ange akamwekea uji, mkate wa kuchoma uliokatwa vipande, chai ya maziwa. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama pale anaposimama siku zote, nyuma ya bega la mzee, na jagi la chai mkononi. Bi Thuwaiba akashika kijiko. Nikashika kalamu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika arobaini.

Kijiko kikarudi mezani.

"Mmoja mmemketisha," alisema. "Na huyu mwingine je?"

Aligeuka akamtazama Mama Ange juu mpaka chini, jagi, aproni, viatu vilivyochakaa upande mmoja.

"Hapana, Mama, miye niko kazini," Mama Ange alisema, sauti ndogo. "Kula weye. Kula, tafazali."

"Nangoja."

Kanuni ya kituo haina utata: mfanyakazi hali na mkaaji, haketi mezani pake, hagusi chakula chake. Iko ukutani jikoni, imewekwa plastiki. Nilimwona Mama Ange akiitazama korido, kisha saa, kisha kiti. Aliogopa kile kiti kuliko barua. Uso wake ulikuwa na ule woga wa ghalani, wa mtu anayesubiri simu inyanyuliwe apigwe picha. Nilitaka kumwambia kaa, Mama Ange, kaa, lakini sikumwambia, kwa sababu nami nilikuwa nimesimama na nilikuwa na kazi ya kupoteza.

Akavuta kiti. Akaketi polepole, ameshika meza, magoti yakalia. Bi Thuwaiba akasukuma sahani ya mkate katikati.

"Bismillahi," alisema, akamega, akampa kwanza yeye.

Mama Ange alitafuna huku machozi yanaingia mdomoni. Hakuyafuta. Na Bi Thuwaiba, wakati anatazama, akanyanyua kijiko, akala. Kimoja. Cha pili. Niliviandika, na mwandiko wangu ulikuwa wa mtoto wa darasa la kwanza.

Cha saba kilikuwa hewani mlango ulipofunguliwa. Daktari, mkoba begani, na nyuma yake Leanne.

Leanne aliona picha imeshushwa sakafuni, skrubu nne kwenye zulia, na Anésie ameketi na mkate mdomoni. Uso wake ukabadilika. Lakini mimi nilikuwa natazama kijiko. Kilikuwa kinashuka. Bi Thuwaiba alikuwa amewaona wale wawili mlangoni, na kilikuwa kinashuka.

"Mama Ange, usinyanyuke," nilisema kwa Kiswahili. Kisha kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo maisha yangu sijawahi kuitumia kwa daktari, nikasema, "Kaeni! Nyote wawili, kaeni chini sasa hivi!"

Daktari alinitazama, akakitazama kile kijiko, akamtazama mzee aliyepungua kilo sita ambaye alikuwa na uji kidevuni. Sijui alielewa nini. Alifanya jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya: aliweka mkoba chini, akavuta kiti, akaketi. Kijiko kikasimama. Akabaki Leanne peke yake.

"Anésie," Leanne alianza, "nilikwambia..."

"Karibu," Bi Thuwaiba alimwambia, na akamnyooshea kipande cha mkate, mkono mwembamba ukiwa juu ya meza. Neno hilo Leanne alikuwa amejifunza. Tulimfundisha wenyewe, siku ya kufungua kile chumba. Alisimama akiutazama ule mkono mpaka nikadhani utachoka na kuanguka. Kisha akakaa, akaupokea mkate.

Bi Thuwaiba alizungusha macho mezani, kiti kwa kiti, kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango. Akafika kwangu. Nilikuwa bado mlangoni na ubao wa fomu kifuani.

Nikavuta kiti cha mwisho, karibu na yule mwanamke wa picha. Bi Thuwaiba akala uji wote.

Daktari alisaini kwamba hospitali haihitajiki. Barua ya Mama Ange haikufutwa na haikuongezwa. Iko kwenye faili mpaka leo, na picha iko sakafuni mpaka leo, na kila mchana kwenye meza ile wafanyakazi wanaketi. Kanuni bado imebandikwa jikoni, nadhani hakuna mwenye moyo wa kuibandua wala wa kuisoma.

Fomu ya siku ile ninayo nakala. Nimeandika uji, chote; mkate, nusu; chai, kikombe kimoja. Chini kuna mstari wa maelezo mengine, ambao kwa miaka minne nilikuwa nauacha wazi. Nimeandika: waliosimama, hakuna.